Njia ya Kupandia

Mkanda wa kulia ulikatika mwinukoni, kwenye barabara ya Kashozi. Shanta likamponyoka Nasma mgongoni, likabingirika hadi mtaroni, na ndizi alizolijaza ili liwe zito zikatawanyika kote. Mwendesha bodaboda aliyekuwa anateremka akafunga breki. Alicheka kwanza, kisha akaona haya, akashuka kumsaidia kuokota.

"Mama, si ungeniita nikubebee? Unahama?"

"Hapana. Najifunza kutembea."

Kijana akamtazama mwanamke yule, mtu mzima, hijabu ya kahawia imemganda usoni kwa jasho, raba za kiume miguuni.  Akamwekea chane ya mwisho mkononi, akawasha pikipiki yake, akaenda zake.

Kokubanza, aliyekuwa ametangulia na mkungu mzima kichwani, aligeuka bila kuushika. "Waitu, Nasma! Umeshonea uzi gani huo?"

"Uzi ni mzima. Nilikaza mno." Nasma aliuinua mkanda, akauangalia pale ulipokatikia. Mshono ulikuwa umesimama vilevile, mnyoofu. Turubai ndilo lililochanika kando yake. Jambo hilo alikuwa anawaambia wanafunzi wake wa ushonaji miaka yote: sehemu inayovutwa iimarishe, lakini ukiikaza kupita kiasi, mshono wenyewe hugeuka kisu. Na yeye aliyasahau maneno yake kwa sababu turubai lile lilikuwa la Shaban.

Shaban alikuwa mumewe. Alikuja Bukoba akiwa dereva wa lori la kahawa, mtu wa Usambara, mwembamba, asiyepatana na joto la mchana. Alikuja kuchukua mzigo, akakuta rejeta imepasuka, akasubiri kipuri kwenye baraza ambako Nasma alikuwa na cherehani yake. Kipuri kilipofika alikuwa hana haraka tena. Wakaoana, wakajenga Kitendaguro, wakampata Salma. Mwaka juzi Shaban aliugua muda mfupi, akafa, akazikwa palepale Bukoba, mbali na milima yake.

Katika ndoa yao yote hakuwahi kumpeleka mkewe kwao. Lakini alimsimulia. Taa ikishazimwa, alikuwa anamtembeza kwa maneno kwenye njia ya msituni, mwendo wa siku tatu, kati ya kijiji chao kule juu na mji ulio chini. Alimwonyesha mti mkubwa wa mkulo ulioanguka ukawa daraja. Alimwonyesha kijito chenye maji yanayouma meno, na mahali ambapo mbega huruka juu ya vichwa vya watu bila kuogopa. "Kwetu mtu haji kwa gari," alikuwa akisema. "Akija kwa gari bado hajafika. Subiri mvua ziishe, nitakupeleka kwa miguu."

Mvua ziliisha mara nyingi. Siku zote kulikuwa na safari nyingine.

Sasa mama yake Shaban, Bi Mwajuma, alikuwa amezeeka. Hawakuwahi kuonana, walijuana kwa simu tu, na kila Idi sauti ile ilikuwa inapungua, kama redio inayoishiwa betri. Nasma akaamua kwamba mvua zijazo zikiisha, atakwenda. Naye atakwenda kwa njia ile.

Alipomweleza Kokubanza, rafiki yake wa Izimbya aliyekuwa anamletea ndizi mjini, alitegemea kuchekwa. Kokubanza alikuwa mjane pia, mwanakwaya wa Kilutheri, mtu aliyezoea kuamkia shambani. Aliuliza jambo moja tu: "Huko juu kuna baridi?"

"Sana."

"Basi nitahitaji sweta."

Wakaanza kujiandaa. Waliulizia kibali cha kupita msituni na mtu wa kuwaongoza. Walikausha dagaa, wakakaanga senene, panzi wa msimu, na kuwaweka kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, wakapima unga wa uji kwa kikombe. Nasma alishona mashanta mawili kutoka kwenye turubai la lori, akashona na hema dogo kwa nailoni ya miavuli iliyokufa. Jioni, wateja wakishaondoka, alitandaza kipande cha kaki mezani na kuichora njia kwa chaki ya fundi, kutoka kwenye masimulizi ya Shaban.

Hapo ndipo alipokwama. Alianza na mji ulio chini, maana huko ndiko wangeanzia, lakini masimulizi yaligoma. Katika kumbukumbu yake kijito kilikuja baada ya mkulo, mkulo ukaja baada ya mbega, na jua la asubuhi lilikuwa wakati wote usoni, mabonde yakifunguka mbele. Shaban alikuwa amemsimulia njia nzima kwa kuteremka. Ili aipande, ilimbidi aigeuze yote kama mtu anayegeuza gauni upande wa ndani: kushoto kuwa kulia, cha mwisho kuwa cha kwanza. Aliona ajabu kidogo. Akafuta chaki, akaanza upya.

Mwezi mmoja kabla ya safari walikwenda Muleba kujipima. Salma alikuwa ameolewa huko, na nyuma ya nyumba yake vilima vilipanda kimoja juu ya kingine hadi kwenye misonobari. Walikusudia kulala huko juu, na mizigo kamili migongoni.

Salma aliwapikia, akawatilia chai, akashindwa kujizuia.

"Mama, siku hizi basi linafika mpaka kijijini. Nimeuliza. Baba angekuwepo, angepanda basi."

"Baba yako alikuwa na lori, Salma. Mbona hakwenda?"

 Salma aliinama kuokota vikombe ambavyo vilikuwa bado na chai.

Walipanda asubuhi. Kilima cha kwanza kilikuwa cha mchezo. Cha pili kiliwanyamazisha. Kufikia alasiri ukungu ulikuwa umetoka ziwani na kuwafunika, kisha mvua ikashuka, mvua ya huko isiyotanguliwa na ngurumo. Kwenye mteremko wa utelezi, katikati ya misonobari, goti la Nasma la mguu wa cherehani likageuka. Alisikia kitu kikiteleza ndani yake. Akakaa chini kwenye majani makavu yaliyokwisha kulowa, akashindwa kuinuka.

Kokubanza alifunga hema juu yao wote wawili, akamvua raba, akamkanda goti kwa mafuta ya taa waliyobeba ya kuwashia moto. 

"Huku ni Muleba," alisema. "Na hii ni siku moja."

"Najua."

"Sikukatazi. Nasema tu."

Nasma alitazama maji yakishuka kwenye mishono ya hema. Haukuvuja hata mmoja, na hilo halikumfurahisha. Alikuwa amemtamani Shaban kwa kila namna ambayo mwanamke humtamani mtu aliyekufa, kwa harufu ya shati, kwa kikohozi cha mlangoni. Lakini hamu iliyokuwa imebaki mwishoni ni hii, ya kuweka mguu pale alipouweka yeye. Sasa hiyo nayo ilikuwa inamkataa. Akachukua simu, akampigia Bi Mwajuma. Huko kilimani mtandao ulikuwa mzuri kuliko mjini.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona kama uko bombani?"

"Ni mvua, Mama. Nilitaka kukwambia, nitakuja kwa basi. Ile njia ya msituni sitaiweza."

"Njia gani?"

"Ile ya Shaban. Ya mkulo ulioanguka. Aliyokuwa anapita."

Upande wa pili Bi Mwajuma alikohoa. 

"Aliipita mara moja tu," Bi Mwajuma alisema. "Hakuwahi kuipanda, mwanangu. Aliteremka. Alfajiri, na shati moja begani. Alikuwa amegombana na baba yake, akaambiwa ukiteremka usipande tena. Na baba yake alikuwa mtu wa hasira za asubuhi. Ikifika jioni alikuwa amesahau. Lakini jioni mtoto alikuwa ameshafika mbali."

 Nasma alikuwa anazisikia zile hadithi za gizani, zote kwa pamoja: mabonde yakifunguka mbele, jua usoni. Usiku baada ya usiku, ubavuni mwake, mumewe alikuwa akiondoka kwao.

"Nilikuwa nakwenda pale msitu unapoishia," Bi Mwajuma aliendelea, taratibu, kama anayemweleza mtu mwingine. "Nasingizia kuni. Nasikiliza kama kuna mtu anapanda. Kisha kuni zikajaa nyumbani hata pa kupita pakakosekana. Nikaona aibu, nikaacha. Wewe njoo na basi. Basi ni zuri, lina viti."

Mvua ilipiga hema. Kokubanza, ambaye alikuwa anasikia kila neno, alijifanya anapanga sufuria.

"Nitakuja kwa miguu, Mama," Nasma alisema. "Ila nitachelewa."

"Utachelewa kiasi gani?"

"Sijui. Goti langu ni bovu."

Bi Mwajuma akacheka, kicheko kikavu, kifupi, na kwa mara ya kwanza Nasma akakisikia kicheko cha Shaban kilikotoka. "Langu pia. Basi tutachelewa wote."

Asubuhi waliteremka kwa Salma, Nasma akijikongoja kwa fimbo. Walipunguza mizigo. Sufuria ya pili ikabaki, blanketi zito likabaki, na kopo la senene likahamia kwa Kokubanza, aliyesema huko ndiko lilikotakiwa kuwa tangu mwanzo. Nasma aliyafumua mashanta yote mawili, akayashona upya, madogo zaidi, akiuacha uzi upumue. Waliongeza siku njiani, wakapanga kulala mapema na kutembea kidogo kidogo. Siku ya kuondoka Salma alikuja Bukoba na kahawa ya kutafuna, aliyoifunga mwenyewe vizuri kwenye jani la mgomba.

"Mpe bibi," alisema. "Mwambie nami nitakuja. Kwa basi."

Njia haikuwa kama Shaban alivyoisimulia. Mkulo ulikuwa umeoza, watu wamejenga daraja la mbao. Mbega walikuwepo, lakini mbali, na waliogopa. Nasma alipanda akitanguliza mguu mzima na kuuvuta ule mbovu, Kokubanza mbele yake akiimba tenzi za kwao kwa sauti ya chini, na mwongozaji waliyempata Lushoto, mji walikoanzia, akiwasubiri kila kona bila kulalamika. Usiku walitetemeka. Asubuhi Nasma alikuwa wa kwanza kuamka.

Siku ya mwisho miti ilianza kuachana. Mwanga ukapenya mbele, mweupe, na harufu ya moshi wa jikoni ikawafikia kabla hawajaona nyumba yoyote. Kisha wakasikia mtu akikohoa, na sauti ya mwanamke mzee ikaita kutoka kwenye mwanga ule:

"Nani huyo anayepanda?"

Mwongozaji alitaka kujibu. Kokubanza akamgusa mkono. Kisha yeye mwenyewe, aliyekuwa mbele ya Nasma njia nzima, akatoka njiani, akasimama kwenye majani marefu yenye umande, akampisha Nasma apite.