Mchora Midomo

Nilikuwa na kioo kidogo mezani, na kutwa nzima nilikitazama nikisema "maa, boo, fii" kama mwendawazimu. Kazi yangu ilikuwa kuchora midomo. Wenzangu walichora sayari na vyombo vya angani. Mimi nilisikiliza sauti za waigizaji, nikawachorea wahusika midomo inayofuata kila neno, picha baada ya picha.

Kipindi chetu kilikuwa cha katuni za watu wazima: kila wiki hadithi mpya ya karne zijazo, wahusika wapya, na vifo vya kutosha. Baba, aliyefundisha udereva miaka thelathini kwa kupiga kelele, alicheka mpaka akakohoa.

"Mtu mzima na akili zake akae aangalie katuni? Tafuta kazi, mwanangu."

Nilinuna. Miezi sita sikukanyaga nyumbani.

Tulitengeneza sehemu kumi na mbili, zikaonyeshwa nne. Kituo cha televisheni kilituweka saa kumi alasiri, eti katuni ni katuni. Watoto walipoanza kuuliza maswali ya kifo, wazazi wakaja juu, na Jumatatu moja tukakuta studio imefungwa kufuli.

Wiki hiyohiyo mama alinipigia simu. Baba alikuwa amefanyiwa upasuaji wa koo, na alimkataza asiniambie. "Amepona, ila sauti ndiyo basi tena."

Nilirudi nyumbani, nikamkuta baba amekaa anatazama ukuta. Daftari alilopewa aandikie alikuwa amelitupa uvunguni. Hataki kula, hataki wageni.

"Siku ya tisa leo yuko hivi," mama alininong'oneza jikoni. "Amekata tamaa kabisa, na mimi sijui nifanye nini."

Akampelekea chai. Baba akapiga funda moja, midomo ikamcheza. Nikaangua kicheko.

"Kulikoni?" mama akauliza.

"Anasema haya ni maji ya kuoshea vikombe."

Baba aliduwaa. Akasema kitu kingine, taratibu. Nikamjibu. Akaongeza. Jamani, sijawahi kufurahia kufokewa namna ile! Palipokuwa na b na m nilichanganyikiwa, maana midomo hufungwa vilevile, naye akarudia huku amenitolea macho kana kwamba mimi ni mwanafunzi wake aliyesahau breki. Alimsema daktari, akamsema jirani, kisha akasema katuni zangu aliziona zote nne, na yule bibi wa sehemu ya pili mdomo wake ulikuwa unachelewa. Ni kweli, ulichelewa.

Mama alikuwa bado amesimama na sinia, anacheka huku analia. Baba akamgeukia yeye, akasema maneno machache.

"Anasemaje?"

Nilimwomba baba arudie, ingawa nilikuwa nimeelewa. Akarudia.

"Anasema anaogopa, mama. Alikuwa hajui atakuambiaje."

Mama aliweka sinia sakafuni, akaketi ubavuni pake.

"Hata mimi naogopa, baba watoto," akasema.