Bao la Eulalio Cantero

Miaka kumi na tisa Eulalio Cantero alicheza beki wa kati, kuanzia Asunción mpaka Montevideo, na hakufunga hata bao moja. Hata la bahati, jamani! Alivunjwa pua mara mbili, akastaafu na magoti yanayolia akipanda ngazi. Mabao? Sifuri.

Na kila mwaka, sikukuu ya mtakatifu wa mji wao, Piribebuy, walipocheza waliooa na makapera, Arsenio alimkumbusha. Huyu Arsenio ni kipa wa makapera, ana miaka sitini na moja na hajaona sababu ya kuoa.

"Wewe Ukuta!" alimwita safari hii mbele ya watu. "Nikuchoree ramani ya goli?"

"Cheka tu, kapera mzee. Leo nakutungua."

Hakuwa anatania. Daktari alishamwambia goti litapasuliwa mwezi ujao na mpira basi tena. Ndiyo maana asubuhi ile alimwomba mkewe, Zunilda, ahamishe kiti. Tangu wakiwa wachumba Zunilda hukaa nyuma ya goli analolilinda mumewe, na jagi lake la tereré, chai ya majani yenye barafu.

"Leo kaa nyuma ya Arsenio. Nataka ulione bao langu."

"Haya baba, nahamia ugenini."

Dakika ya mwisho, mbili kwa mbili, waliooa wakapata kona. Eulalio akapanda huku goti likimsuta. Mpira ukaja, akaupiga kichwa cha maana, Arsenio akaruka akaangukia matope, mpira ukadunda taratibu kuelekea mstarini. Mama yangu, goli tupu! Eulalio akaukimbilia ausindikize. Akaona mpira, akaona mstari, akaona kipa kalala chini, na mguu wa beki haukumwuliza. Akateleza, pwaa! Akaubutua mpaka kwenye majiko ya nyama choma nje ya uwanja. Akainuka mkono juu, akawafokea wenzake: "Pandeni! Pandeni wote!"

Refa akapuliza filimbi ya mwisho huku anacheka. Arsenio akamkumbatia, matope na yote.

"Beki wangu! Umeniokoa, ndugu yangu!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Eulalio naye alicheka. Akamwendea mkewe, akashindwa kumtazama.

"Nisamehe, Zuni. Nilitaka ulione angalau moja."

"Nani alikuomba bao?" Zunilda alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. Akamjazia tereré, akampa. "Miaka yote hiyo naona mgongo tu. Mgongo na namba ya jezi. Watu wanashangilia umeokoa, mimi namwuliza jirani, kwani amefanyaje? Leo ndiyo nimeuona uso wako ukiokoa."

"Ukoje?"

"Mbaya, mume wangu! Macho yamekutoka, ulimi nje." Akamfuta tope shavuni kwa mkono wa gauni lake. "Ningejua, ningehamisha kiti zamani."