Alama Iliyokatwa Kwenye Safu ya Tofauti

"Ni kosa la mwonekano tu," mkuu wa kitengo alisema, akipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Saa zenyewe hazina neno. Tutalirekebisha baadaye."

Ndiyo maana ofisini walimwita Baadaye. Mbele ya meza yake alisimama mwandishi wa programu, dada waliyempachika jina la Nukta kwa jinsi alivyowakaba watu koo juu ya kila desimali. Hakuwa na nia ya kuketi wala ya kuondoka.

Programu ile ndiyo iliyolinganisha saa za vituo vyote vya umeme kupitia mtandao. Tofauti ikizidi sekunde moja, haikujirekebisha yenyewe. Ilimsubiri mtu wa zamu asome skrini, aandike daftarini, kisha aisogeze saa kwa mkono. Wiki iliyopita mtu wa zamu alikuwa baba mdogo wa Nukta, mwenye miaka ishirini na sita kazini bila kuchelewa hata siku moja. Skrini ilimwambia kuwa saa ya kituo cha tatu imetangulia kwa milisekunde 1842.5, karibu sekunde mbili. Akairudisha nyuma, kama kanuni inavyotaka. Kumbe tayari ilikuwa nyuma! Umeme ulipokatika jioni, kumbukumbu, zikifuata saa hiyo iliyochelewa, zikaonyesha kuwa hitilafu ilianzia kituo cha tatu, ambacho hakikuwa na kosa lolote, na mzee wa watu akaambiwa amechezea saa makusudi. Saa nne asubuhi hii alikuwa na kikao na kamati, na barua ya kumfukuza ilikuwa imeshachapwa.

Nukta alilipata kosa saa moja na nusu, chai yake haijapoa. Safu ya tofauti ilikuwa na nafasi sita tu za tarakimu na alama. Namba -842.5 ilienea vizuri. Namba -1842.5 ilitaka nafasi saba, basi programu ikakata kilichozidi upande wa kushoto, nacho kilikuwa alama ya kutoa, ile inayosema kuwa saa iko nyuma. Kurekebisha hakukuzidi mstari mmoja. Kisha akaona jina la aliyeuandika mstari wa zamani: lake mwenyewe, miaka mitatu iliyopita, alipotaka jedwali lipendeze macho.

"Nimeshalirekebisha," alimwambia Baadaye. "Ninachotaka ni maelezo ya marekebisho yaseme ukweli."

"Andika 'maboresho madogo ya mwonekano', tumalize." Baadaye akashusha sauti. "Unamtetea kwa kuwa ni baba yako mdogo. Lakini fikiria, ukimwokoa yeye unajikaanga mwenyewe. Na mimi niliyetia sahihi kuidhinisha jedwali lile."

"Basi tukaangwe wote, bosi."

"Ukiingia kwenye kile kikao, usirudi hapa."

"Nitarudi. Mkoba wangu nimeuacha kwenye kiti."

Alitoka na kompyuta kwapani. Aibu ilimchoma, ndiyo, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi, na alishukuru kwa hilo.

Kamati ilikuwa ya watu watatu nyuma ya meza ndefu. Baba mdogo alikaa peke yake upande wa pili, daftari la zamu magotini. Alipomwona Nukta akatikisa kichwa.

"Mwanangu, rudi kazini. Usijiponze kwa ajili yangu."

"Shikamoo, baba. Leo sikusikilizi."

Hakuomba ruhusa. Aliwasha kompyuta na kuwaonyesha ukutani jedwali la zamani na jipya, takwimu zilezile. Kushoto 1842.5. Kulia -1842.5.

"Someni daftari lake. Amenakili alichoonyeshwa, hata desimali hajakosea. Iliyodanganya ni skrini."

Mwenyekiti alivua miwani, akaivaa tena. "Na skrini hii aliipanga nani?"

Nje ya mlango wa kioo Baadaye alikuwa amefika, akimwashiria kwa kidole anyamaze.

"Mimi," Nukta alisema. "Niliipanga mimi, na sikuijaribu kwa namba kubwa. Andikeni hivyohivyo, msipunguze neno."

Mwenyekiti aliichana barua ya mzee vipande viwili. Kisha akavuta karatasi nyeupe na kuuliza jina kamili la Nukta.

Hapo baba mdogo akasimama. Katika miaka yote ile hakuwahi kumkatiza mkubwa maneno.

"Samahani, mwenyekiti. Kama mnaandika jina la mwanangu, liandikeni pia la aliyeidhinisha. Idhini ya skrini hii imebandikwa kwenye ukuta wa chumba cha zamu, naisoma kila siku. Mwenyewe yule pale mlangoni."

Wakamwomba aketi. Hakuketi mpaka Baadaye alipoitwa ndani.