Kidole Kilichoshika Bitana

Wiki ya sita tangu mkasi umkate, Shangazi alikuwa bado amefunga kidole chake cha shahada kwa utepe wa kitambaa, kimenyooka kama rula. Ni kidole cha mkono wa kushoto, kile kinachoongoza nguo chini ya sindano. Mtaalamu wa mazoezi alimwambia akikunje taratibu kila saa. Yeye, mbishi wa kuzaliwa, akaona kidonda hakichokozwi. Sasa kidole kilikataa kukunjika, na bila kidole hicho hakuna cherehani.

Binti wa kaka yake, anayechunguza seli maabarani, akamkalisha mbele ya hadubini. "Chungulia, Shangazi. Hii ni kano ya panya, kamba inayokunja kiungo; ilikatwa ikashonwa, kama ya kidole chako."

Shangazi akafumba jicho moja kama anayetunga uzi. Akaona nukta za kijani zimejipanga mistari, na nyekundu zimejazana ovyo kwenye mkato.

"Za kijani ni seli za kano yenyewe. Nyekundu zimetoka nje, kwenye damu na kwenye ala inayoizunguka."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Shangazi akacheka. "Sasa kovu kaleta nani?"

"Ndilo swali letu. Wageni wanajaza zaidi, lakini wenyeji nao wamo. Na ukiwafukuza wageni wote, mkato hauzibi vizuri."

Shangazi hakuondoa jicho. "Na hawa pembeni? Mbona wameunganisha kano na ala?"

"Hapo kovu limenasa. Kano ikikaa bila kusogezwa, haitelezi tena."

Shangazi akainua kichwa. Kila mwanafunzi wake amewahi kukosea hivyo: anashona mkono wa koti, sindano inashika bitana, kile kitambaa cha ndani, mteja akivaa mkono haupiti. Wote aliwafokea.

"Nimeshika bitana," alisema. "Sijakikunja hata siku moja."

Binti akameza maneno makali. "Kufumua hapo ni kisu cha daktari, Shangazi. Turudi kwa mtaalamu leo leo."

"Kufumua nimezoea. Naogopa kama kovu limeshika lote."

Akaufungua utepe, akajaribu polepole. Kidole kiliinama kadiri ya unene wa kifungo, kikagoma. Akarudia, kikafika palepale.

"Mwenyeji bado yumo, anateleza kidogo," alisema, akakikunja tena.