Upepo Uliobaki Kivaa

Msimu wa kuvuna ndengu, wanawake wa Kivaa hubeba magunia yao mpaka shambani kwa Mwikali, kwa sababu upepo uko huko. Kwingineko hewa hutulia asubuhi nzima kama maji ya kisima. Juu ya shamba la Mwikali, kwa upana wa uwanja wa kanisa, upepo huvuma kutoka juu kwenda chini, mchana na usiku, tangu siku ile helikopta ilipoanguka. Mabaki ya helikopta yalipakiwa kwenye lori yakaenda. Upepo wake ulibaki, pamoja na mngurumo wake na vumbi lake jekundu. Mwanamke husimama ukingoni, akainua uteo, na maganda yakaondoka yenyewe.

Mwikali alikuwa na lalamiko moja tu, kwamba kuku wake walihamia kwa jirani na kutaga huko. Alilipeleka kwa chifu. Chifu akamwambia kuku ni wake lakini miguu ni yao.

Kamene alifika shambani hapo ndengu zikiwa bado zinaanikwa. Alitoka Syokimau, alikokuwa akiishi na mumewe Kisilu, rubani wa helikopta ile. Walikuwa wamekwisha kumzika. Shemeji yake ndiye aliyempigia simu akamwambia, "Kisilu anaongea kule Kivaa. Enda umsikilize."

Wanawake walimpisha. Mwikali alimletea kigoda, akakiweka pale ambapo vumbi lilikuwa jepesi.

"Keti, mwana wakwa. Huanza jua likigusa kile kilima."

"Anasema nini, Mwaitu?" Kamene aliuliza, akimwita mama kwa Kikamba.

"Yaleyale kila siku. Sisi tumeshazoea. Lakini huyu ni wako, ni vizuri usikie mwenyewe."

Jua lilipogusa kilima, mngurumo ulipungua kidogo, na Kisilu akaongea kutoka juu, kama mtu aliye kwenye dari.

"Mheshimiwa, nilisema kule Kithimani kwamba tumezidi uzito. Na sasa upepo unatusukuma kutoka nyuma. Wacha nizunguke, nitue kwa uwanja wa shule."

Sauti nyingine, nene, ikajibu, "Shule ni mbali. Watu wananingoja hapa. Nataka wanione nikishuka."

"Kuna waya hapo, mheshimiwa. Na vumbi likiinuka sitauona."

"Wewe ni rubani ama unaendesha punda? Shuka."

Kisha Kisilu akasema, "Sawa, mheshimiwa." Chuma kikakwaruza chuma, mlio mrefu ukakatika ghafla, na mngurumo ukarudi kama kawaida.

Kamene hakulia. Ile "sawa" aliijua. Ndiyo "sawa" aliyoitoa Kisilu kila alipoitwa kazini siku ya mapumziko, kila mjomba alipoomba gari, kila mtu mwenye sauti kubwa alipotaka kitu. Waligombana kwa ajili yake miaka mingi jikoni kwao. Alisimama, akatazama juu kwenye vumbi, akapaza sauti, "Ungekataa! Kisilu, mara moja tu, ungekataa!"

Upepo ukampeperushia kitambaa cha kichwa. Mwikali akakiokota, akakikung'uta.

"Huwa hajibu," alisema. "Hata mimi nimemwuliza mambo ya kuku."

Mheshimiwa Wathome alikuwa ametoka kwenye ajali ile na mfupa wa bega uliovunjika. Aliwaambia watu wa redio kwamba kijana alishuka chini mno, akitaka kujionyesha kwa umati. Alikuja mazishini mkono ukiwa umefungwa shingoni, akalia vizuri, akaondoka kabla ya chakula. Tangu hapo, Kamene alipoingia kanisani, watu walimpa pole kwa namna ya kumpa pole mke wa mlevi.

Mkaguzi wa ajali za ndege, bwana mmoja aitwaye Muli, alikuja Kivaa. Alipima umbali kutoka kwenye waya hadi pale kilipochimbika kishimo. Jua lilipogusa kilima alivua kofia, akasikiliza mpaka mwisho. Kamene alisimama karibu naye.

"Nimesikia," Muli alisema. "Iko wazi kabisa."

"Basi utasema hivyo?"

"Nitasema helikopta iligonga waya. Na anayegonga ni yule ameshika usukani."

"Na yule alimwambia ashuke?"

"Huyo hakushika kitu, mama."

"Lakini si umemsikia kwa masikio yako?"

Muli aliirudisha kofia kichwani, akaishikilia isipeperuke. "Nimemsikia. Lakini mimi hupeleka Nairobi kitu kinachoingia kwa gari. Hii haiingii."

Kamene alikasirika kwa namna iliyomfanya awe mtulivu. Aliazima jerikeni la Mwikali, la lita ishirini, akalisuuza, akaliacha likauke juani. Siku ya pili jua lilipogusa kilima alilinyanyua juu ya kichwa, mdomo ukitazama mbinguni, na wanawake wawili wakamshika kiuno asiangushwe. Jerikeni lilipojaa, aliliziba kwa karatasi ya plastiki na kukaza kifuniko. Lilikuwa zito kidogo kuliko la maji, na lilitetemeka.

Siku ya kikao cha kuamua chanzo cha ajali, askari wa mlangoni huko Nairobi aliligonga jerikeni kwa rungu.

"Nini iko ndani?"

"Upepo."

"Si petroli?"

"Upepo."

"Pita."

Ndani kulikuwa na meza ndefu, wakubwa watatu nyuma yake, na mheshimiwa Wathome pembeni akiwa na shati jeupe. Mwenyekiti, mama mmoja mpole aitwaye Nthambi, alimwuliza Kamene kama ana la kuongeza. Kamene aliweka jerikeni mezani akafungua kifuniko.

Makaratasi yaliruka. Mapazia yalijikunja. Vumbi la Kivaa lilitanda chumbani, likatua juu ya shati jeupe, na Kisilu akaongea kutoka kwenye dari mpaka kwenye ile "sawa". Mlio ulipokatika, karani alienda kufunga dirisha, ingawa lilikuwa limefungwa tayari.

"Mheshimiwa," Nthambi alisema, "hiyo ni sauti yako?"

"Ni yangu," Wathome alijibu, akijipangusa. "Nilimwambia ashuke, ndiyo. Mimi ni abiria. Abiria husema. Hata mtoto akiwa kwa gari husema, kimbia, kimbia. Dereva akikimbia, utamshika mtoto?"

Wakubwa waliitikia kwa vichwa, kwa maana mfano ulikuwa unaeleweka. Nthambi alimshukuru Kamene kwa kusafiri kutoka mbali. Kisha akatamka walichoamua: rubani alikubali uzito uliozidi, rubani alitua upepo ukiwa nyuma yake, rubani aliingia kwenye vumbi akijua kuna waya. Kila neno kati ya hayo lilikuwa kweli, na hapo ndipo Kamene alipokosa pa kushika.

"Basi angalau toeni hiyo waya," alisema. "Ama mtundike mipira ya rangi ionekane."

"Waya ni ya nani?" Nthambi aliuliza.

Wakatazamana. Watu wa umeme walikuwa wamesema hawaujui. Watu wa kaunti walikuwa wamesema uliwekwa kabla yao. Wathome akasema ni mradi wake wa kupeleka stima ng'ambo ya kilima, ulianzishwa karibu na uchaguzi, na unaendelea. Waya huo haujawahi kupitisha stima hata ya kuwasha balbu. Lakini mradi unaoendelea haukatwi, na mipira huombwa na mwenye waya, na mwenye waya hawezi kupatikana mradi ukiwa bado unaendelea. Kamene aliwaomba warudie polepole. Wakarudia polepole. Ikawa vilevile.

Alirudi Kivaa na jerikeni tupu, akamrudishia Mwikali. Mwikali alinusa ndani akasema litafaa bado kwa maji.

Kabla ya mvua, kulikuwa na harambee ya kuezeka kanisa, na mheshimiwa Wathome alikuja kwa helikopta nyingine, ndogo kama ile, na rubani mwingine. Alisema shule ni mbali. Walitua shambani kwa Mwikali. Pangaboi za helikopta mpya ziliufunika mngurumo wa zamani, kisha zikazimika, na ule wa zamani ukasikika tena. Mheshimiwa alishuka, akamshika Kamene mkono, akampa pole upya.

Jua lilipogusa kilima Kisilu alisema yake kama kila siku; kisha, wakati wa kuondoka, mheshimiwa aliwaita chifu na katekista wapande, wakaone dunia kutoka juu. Kamene alimfuata rubani, ambaye jina lake ni Mwanzia, aliyekuwa amesimama kando ya mkia akitazama waya.

"Umemsikia?" Kamene aliuliza.

"Nimemsikia. Alinifundisha kazi, huyo. Alikuwa akisema, ukiwa na haraka, zima injini unywe chai."

"Basi kataa. Waambie hao wawili washuke."

Mwanzia alisugua macho. "Mama, nikikataa leo, kesho anabebwa na mwingine. Na huyo mwingine hakufundishwa na Kisilu."

"Hata yeye angesema hivyohivyo."

"Najua."

Ndani ya helikopta Wathome aligonga kioo kwa pete. Mwanzia alisema sawa, akapanda.

Helikopta iliinuka kwa shida, ikayumba, mkia ukaenda kando kisha ukarudi, na vumbi likameza kila kitu. Kamene alifumba macho. Alisubiri ule mlio. Haukuja. Alipofumbua, helikopta ilikuwa imepita juu ya waya kwa nafasi ambayo mbuzi asingependa kulala ndani yake, na mkono wa mheshimiwa ulikuwa ukipunga dirishani. Watu walipiga makofi. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee mmoja alimgeukia Kamene akasema kwa upole, bila nia mbaya, "Unaona? Rubani akijua kazi yake, hakuna shida."



Wiki iliyofuata chifu alikuja na fundi wa rangi. Mheshimiwa alikuwa ameupenda uwanja, na sasa ungekuwa wa kutulia rasmi. Mwikali aliuliza kuhusu ndengu zake, akaambiwa apande kuanzia pembeni. Fundi alikoroga chokaa kwenye ndoo, akafunga kitambaa puani kwa sababu ya upepo, akaanza kuchora katikati ya shamba herufi kubwa ya H, ya kuonekana kutoka angani. Alikuwa mtu makini. Alitumia kamba kunyoosha mistari.

Jua liligusa kilima. Juu yao Kisilu alisema kuna waya hapo, mheshimiwa. Chifu alijibu bila kuinua kichwa, "Tunajua, bwana."

Kabla jua halijazama lote, kivuli cha waya kilishuka shambani, chembamba, cheusi, kikailalia ile H katikati. Fundi alikitazama kwa kukereka. Akachovya brashi, akapaka chokaa juu yake. Kivuli kikapanda juu ya chokaa. Fundi akachovya tena, akapaka tena, na Kamene akasimama pale akimtazama akirudia, mpaka ndoo ikakaribia kwisha.