Kwa Mikono Miwili

Enyi watukufu, fahamuni kuwa kasino ni hekalu la bahati, ambamo tajiri na kapuku ni sawa mbele ya gurudumu. Uongo mtupu. Gurudumu lina vishimo thelathini na saba; ukiotea namba moja unalipwa kana kwamba ni thelathini na sita. Kishimo kinachobaki ndicho kinachojenga ghorofa.

Binti aliyelizungusha alilijua hilo. Nyumbani waliamini yeye ni karani wa hoteli. Kwa hiyo saa nne asubuhi, baba yake mzazi, fundi viatu aliyeaga kuwa anakwenda kliniki kupimwa presha, alipoketi mbele ya meza yake, wote wawili walijifanya hawajuani. Jamaa wa mfanyakazi haruhusiwi kucheza hapo. Ukibainika, kazi huna.

"Karibu, mteja," binti alisema.

"Ahsante, dada," mzee akajibu.

Akaweka kila alichokuwa nacho kwenye kumi na saba. Binti akazungusha gurudumu; kijipira kikaruka, kikasitasita, kikatua kumi na saba.

Sheria ya meza: malipo husukumwa juu ya kitambaa, kamwe hayatiwi mkononi. Lakini mtoto aliyelelewa akaleleka hamsukumii babake kitu. Kabla akili haijamzindua, alikwishavikusanya vile vipande vya plastiki vya kulipia ushindi na kumkabidhi kwa mikono miwili, goti limepinda kidogo. Kamera ya darini haikupepesa.

Mabaunsa wawili walimburuta mzee kwa ukosi hadi ujia wa nyuma. Binti naye alisukumwa huko huko, ashuhudie. Ngumi ya kwanza ilimkata mzee pumzi. Ya pili ikampasua mdomo.

"Mmeshirikiana tangu lini?" aliuliza msimamizi wa kasino, aliyewafuata.

"Huyu dada simjui," mzee alisema, akitema damu. "Ana adabu tu."

"Adabu, humu?" Baunsa alicheka, akamwangusha, akamkanyaga mkono. Vidole vya fundi vikaalika kama kuni kavu.

Msimamizi akamgeukia binti. "Wewe, unamjua?"

"Simjui."

Baunsa akainua buti juu ya mkono wa pili.

"Ni baba yangu! Baba yangu mzazi! Nifukuzeni, lakini mkono huo mwachieni!"

Mzee, shavu sakafuni, akamtazama kwa jicho moja lililobaki wazi.

"Kumbe ndiyo hoteli yenyewe hii, mwanangu?"

"Ndiyo hii, Baba."

Hakuna aliyecheka. Buti lilikuwa bado hewani.