Mwanga wa Mosi

Meno ya mbele ya mzee Vasuketu yaling'oka msimu ule wa baridi, na tangu hapo kila "s" yake ikawa "sh". Mkewe, Sudevi, hakulitaja. Alimlainishia uji wa shayiri, basi.

Asubuhi moja, akisukasuka maziwa apate siagi, aliwasikia wanawe wawili wakijifunza wimbo mpya wa Alfajiri, mungu wao wa kike, ambao baba yao alikuwa ameuona katika maono. Kesho yake ungeimbwa kwenye sadaka ya mkuu wa ukoo, kando ya mto Parushni.

"Ushiku umekwisha," alisema Harita, mtu mzima mwenye ndevu na meno yake yote. "Umekuja, mwanga wa moshi."

"Moshi gani?" aliuliza Sudevi.

"Ndivyo alivyosema baba."

"Alisema mosi! Mwanga wa kwanza!"

"Mama, sisi tunafuata kinywa cha mwalimu," alisema Ruchira, mdogo wake Harita. "Hatuongezi, hatupunguzi."

Hapo hawakukosea. Kwao hakukuwa na maandishi. Neno lilitoka kinywani likaingia sikioni, na likiingia bovu, wajukuu wangelibeba bovu vilevile. Alfajiri angesalimiwa kwa moshi milele.

Sudevi aliacha maziwa, akaenda kuketi karibu na mumewe ili wanawe wasisikie.

"Baba Harita, watoto wanasema moshi."

"Punda hawa! Nimewaambia moshi!"

Akaupapasa ufizi kwa ulimi. "Nimeshemaje?"

"Moshi."

Mzee akamgeukia. "Na wewe hukuniambia."

"Nikuambie nini, nawe huna kosa? Meno ndiyo yaliyokimbia."

Akacheka, kicheko chenye upepo mwingi. Kisha akawaita wanawe.

"Mama yenu atakaa hapa. Mimi nashema, yeye anashema, ninyi mnafuata kinywa chake. Changu kimeshtaafu."

"Kinywa cha mama?" Harita alikunja uso. "Watu wakituuliza tumeupokea kwa nani?"

"Shemeni kweli. Baba aliuona, mama akatufundisha."

Ruchira alishika upesi. Harita alirudia "moshi" mara nyingi sana. Sudevi hakumkaripia, alimtamkia tena, polepole, meno yakionekana. Jua lilikuwa linashuka Harita alipolitoa neno safi: mosi. Baba yake akanyoosha mkono, akampangusa jasho la paji la uso.